Oili Ipi Yafaa Injini Kuukuu ya Mashua?



Kisiwa cha Remba, katika Kaunti ya Homa Bay, ni mwamba mdogo ndani ya Ziwa Viktoria, wala hakina shamba la kulimwa kwa trekta. Mashine ya watu wa huko ni injini ifungwayo nyuma ya mashua, na nyingi ni kuukuu, zimekwisha kupita mikononi mwa wenyewe wawili watatu. Injini ya trekta ikizimika, mkulima hushuka akaenda zake kwa miguu. Injini ya mashua ikizimika kati ya Remba na Mbita, nao upepo umechafuka, hakuna pa kushukia. Kwa hiyo habari ya oili si jambo dogo.

Injini nyingi za zamani ni za aina ipatayo oili pamoja na petroli. Hazina bakuli la oili kama la motokaa. Kila tone la kulainisha pistoni na beringi huja limechanganyika na petroli, likafanya kazi yake, kisha likaungua. Basi yapasa liungue bila kuacha majivu. Oili ya lori haikutengenezwa hivyo. Ina dawa ziachazo majivu, nayo hugandamana katika plagi hata cheche isitoke. Oili ichanganywayo na petroli ya pikipiki pia haifai, ijapokuwa bei yake yapendeza, kwa kuwa imekusudiwa injini ipozwayo kwa hewa, si kwa maji ya ziwa. Ifaayo ni ile yenye alama ya TC-W3 mkebeni.

Kipimo nacho hutofautiana. Injini nyingi za aina hiyo hutaka lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, yaani mililita 400 katika mtungi wa lita 20. Baadhi ya zile za kale sana hutaka maradufu. Kitabu cha injini ndicho kisemacho kweli, si jicho la muuza petroli. Oili ikipungua, pistoni hukwama. Ikizidi, plagi huchafuka. (Injini za mipigo minne zina mahali pake pa kutia oili, petroli yake haichanganywi kamwe.)

Iko oili ya pili, nayo wengi huisahau. Chini kabisa, ndani ya maji, mna sanduku la gia zizungushazo propela. Humo hutiwa oili nzito ya gia iliyotengenezwa kwa mashua. Adui wake mkubwa, kwa wavuvi, ni uzi wa nyavu zao wenyewe. Uzi hujiviringa nyuma ya propela, ukaukata mpira uzuiao maji, maji yakaingia kidogo kidogo, na nahodha hana habari mpaka gia zimesagika. Fundi mwangalifu hufungua skrubu ya chini akatazama. Oili ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yamekwisha ingia, na kutia oili mpya bila kubadili mpira ule ni kutupa fedha ziwani. Oili mpya huingizwa polepole kwa tundu la chini, mpaka itokeze katika tundu la juu; ndipo hewa yote imetoka. Skrubu ya juu hufungwa kwanza, kisha ya chini.