Kabla ya Novemba, Kuleni

Wahitimu wa kidato cha nne, hongereni sana.

Mimi ni muuguzi, kwa hiyo nitazungumzia chakula.

Hapa Kilangala mtoto akisusa kula, tunauliza kama ana malaria au ana mimba. Akijificha kula mpaka tumbo limuume, kisha ajitapishe, tunamwita mlafi. Tunamwonea. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti kuhusu wasichana na wanawake wa Tanzania: maradhi haya ya ulaji yapo kwetu, si ya Ulaya peke yake.

Na kuhusu huo ulafi, sikilizeni: mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia mlo karibu kwa nusu wanaume 36 wenye afya njema, waliojitolea, kwa miezi sita. Watu watulivu wakawa wakali na wanyonge. Usiku waliota chakula, mchana walisoma vitabu vya mapishi. Waliporudishiwa chakula, baadhi yao walikula mpaka wakaugua, na bado wakasema hawajashiba. Hawakuwa walafi. Ni njaa iliyowageuza.

Sasa juu ya njaa hiyo ongezeni hofu ya mtihani wa Novemba. Hofu inapokukaba, ubongo huamuru tezi zilizo juu ya figo zitoe homoni ya kotisoli. Hofu hiyo ikidumu wiki kwa wiki, wengi hutamani vitamu na mafuta, na ile sehemu ya ubongo nyuma ya paji la uso, inayokuambia "ngoja kwanza", hulegea. Kwenu ninyi sehemu hiyo bado inakomaa. Itaendelea hadi mpite miaka ishirini. Wengine hofu huwafunga koo: kujinyima huwapa nafuu ya muda, kisha hugeuka kifungo.

Basi usishinde njaa ili usome, wala ili upendeze kwenye picha za simu. Kula asubuhi, hata kama ni ming'oko na chai ya rangi. Na kama umeshaanza kujitapisha, mwambie mwalimu wa malezi, au njoo zahanati. Ikibidi tutakupa rufaa kwenda Hospitali ya Sokoine, Lindi mjini. Usione haya kuja. Kutapika mara kwa mara hupunguza potasiamu mwilini, na moyo unaweza kusimama ghafla, hata kwa binti anayeonekana mzima kabisa.

Wazazi, acheni kuwaita watoto "bonge" au "kimbaumbau" mbele za watu. Mama, ukikuta chakula kimefichwa uvunguni, usimpigie mtoto kelele. Keti naye, muulize anaogopa nini.