Risasi Jina Moja, Vitu Vitatu: Juu ya Kuchagua Risasi za Bunduki za Masafa Marefu

Mada iliyoandaliwa kwa semina ya maafisa na askari wanyamapori, Mpanda, Mkoa wa Katavi



Nimeombwa niseme kwa muda wa nusu saa juu ya namna ya kuchagua risasi za bunduki za kuwindia masafa marefu, nami nimeipokea amana hiyo kwa furaha na kwa hofu kidogo: furaha, kwa kuwa kazi hii nimeifanya tangu ujana wangu katika miombo ya Mlele na mbuga za bonde la Rukwa, na hofu, kwa kuwa mengi nitakayoyasema nilikwisha kuyasema katika semina nyingine, mbele ya baadhi yenu mlioketi hapa, na jawabu nililopewa kila mara ni kwamba mapendekezo yamepokelewa.

1. Maana ya maneno

Hapa sitakawia. Risasi kamili ina sehemu nne: ganda, fataki, baruti na kichwa. Kaliba ni upana wa tundu la mtutu. Risasi ngumu ni ile ambayo kichwa chake hakibadiliki umbo kinapoingia mwilini, na risasi laini ni ile ambayo ncha yake hufunguka mfano wa uyoga. Risasi za kijeshi zimefunikwa gamba pande zote, kwa sababu Azimio la The Hague la mwaka 1899 liliharamisha risasi za kufunguka katika vita. Lakini hukumu ya vitani si hukumu ya porini, maana mwindaji hana haki ya kumjeruhi mnyama na kumwacha, bali ana wajibu wa kumuua upesi.

Neno moja tu nitalisimamia, nalo ni neno risasi lenyewe. Katika lugha yetu risasi ni madini, risasi ni kile kichwa kinachoruka, na risasi ni kitu kizima pamoja na ganda lake. Wenyeji wa Mpanda mna sababu ya kulijua neno hili kuliko wengine, kwani reli ya tawi itokayo Kaliua, yenye urefu wa takriban kilomita 210, ilijengwa kwa ajili ya mgodi uliotoa risasi ya madini, pamoja na fedha, shaba na dhahabu. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, treni ikabaki, na mji ukakua kando yake. Sina ugomvi na lugha yetu. Ila naomba mkumbuke kwamba jina moja limebeba vitu vitatu, kwa sababu taabu yote nitakayoieleza imejificha hapo.

2. Mambo manne ya kutazama

Mwenye kuchagua risasi hutazama uzito, kasi, umbo na ujenzi wa kichwa. Kichwa cha kaliba ya .375 cha greni 300, yaani gramu 19 na ushei, hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 770 hivi kwa sekunde. Kichwa cha AK-47 kina gramu 8, na kasi yake ni mita 715 hivi. Mkifanya hesabu mtaona kwamba nguvu ya hiki cha pili ni kama theluthi moja ya nguvu ya kile cha kwanza, ingawa kasi zake zimekaribiana. Basi asidanganyike mtu kwa mlio.

Umbo huamua namna hewa inavyokipokea kichwa. Chenye ncha kali na kitako kilichopunguzwa hulinda kasi yake mbali; chenye pua butu huipoteza mapema. Bunduki ya .375 iliyolengwa sawasawa kwa mita 100 itapiga chini kiasi cha shubiri moja kwa mita 200, na kwa mita 300 itapiga chini zaidi ya nusu mita. Fauka ya hayo, kwa mita 300 kichwa hukaa hewani karibu nusu sekunde, na katika nusu sekunde hiyo nyamera akipiga hatua moja, bega ulilolilenga limekwenda na tumbo limekuja mahali pake. Hilo haliponywi na risasi yoyote ulimwenguni.

Ujenzi ndio unaosahauliwa. Risasi laini nyingi zahitaji kasi ya mita 550 hivi kwa sekunde, au zaidi, ili zifunguke. Ikifika mbali imechoka, hupita kama sindano. Na ile iliyotengenezwa ifunguke kwa wepesi mbali, ukikutana na nyati kwa hatua 40 hupasuka juu ya bega kabla ya kuufikia moyo. Mmarekani John Nosler aliyapata haya nchini Kanada mwaka 1946, risasi zake za kasi zilipopasukia kwenye ngozi yenye tope ya mnyama mkubwa wa huko, naye akaenda kutengeneza kichwa chenye ukuta katikati, sehemu ya mbele ifunguke na ya nyuma ibaki nzima. Nyati wetu nao hugaagaa topeni.

Vijana hupenda kunijibu kwa kumtaja mwindaji Bell wa Karamoja, ambaye aliwaua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7. Ni kweli. Lakini Bell alitumia risasi ngumu, ndefu, za greni 173, alisogea karibu, na alilipasua fuvu la tembo kwa msumeno apate kujua ubongo ulipo. Mwenye kutaka kaliba ya Bell na aanze na msumeno wa Bell.

3. Tatizo la fomu yenye safu moja tu ya aina ya risasi

Sasa nafika kwenye jambo lililonileta. Naomba wakubwa zangu wanielewe kwamba simlaumu mtu wala idara. Fomu haina mwandishi anayejulikana, nayo imerithiwa tangu enzi za waliotutangulia.

Fomu ya kuagizia niliyoijaza kwa miaka mingi ilikuwa na safu ya aina ya silaha, safu ya kaliba, na safu ya idadi. Haikuwa na safu ya uzito wa kichwa. Haikuwa na mahali pa kuandika kama ni ngumu au laini, ina ncha au ni butu, ni ya toleo gani. Basi afisa aliyeko bondeni akiandika ".375, mia moja", mnunuzi, ambaye ni mtu mwaminifu na mwenye haraka, hununua .375 mia moja za bei nafuu, na kwa mujibu wa maandishi ametimiza wajibu wake wote. Kanuni zetu zimeiweka .375 kuwa kaliba ya chini kabisa kwa nyati na tembo. Nasi kiwango hicho cha chini tumekigeuza kuwa sifa ya pekee, kana kwamba mtu akiagiza mume wa kumwoza binti yake atasema urefu tu.

Nitasimulia lililonipata. Katika kijiji kimoja cha bonde la Rukwa, mwezi wa Mei, mahindi yakikauka shambani, nyati dume mmoja alikuwa akiingia mashambani usiku na kushinda kwenye matete mchana. Tulitumwa watu wawili, mimi na askari mwenzangu, mtu mwenye shabaha kuliko mimi. Bunduki yetu tulikuwa tumeilenga kwa mita 200, kwa risasi zenye ncha za greni 270. Siku tuliyoondoka tulipewa paketi mpya. Kaliba ni ileile, ganda ni lilelile, nasi hatukutazama zaidi. Zilikuwa za greni 300, ngumu, zenye pua butu.

Nyati alitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akasimama ubavu kwa hatua 240 hivi, na hapakuwa na kichaka cha kujisogezea. Mwenzangu alilenga palepale tulipofundishwa, theluthi ya chini ya bega. Nilisikia risasi ikigonga. Nyati alipiga goti, akainuka, akaenda kwa miguu mitatu akaingia matete. Tuliikuta damu, nyekundu, kidogo, bila povu. Na mwenye kujua nyayo anajua maana yake ni mguu, wala si pafu. Tulimfuata siku mbili. Siku ya tatu, kabla hatujamuua, nyati alimkuta mrina asali aliyekuwa akishuka na mzinga wake, akamvunja nyonga. Yule bwana alipona, ila hakupanda mti tena. Akalipwa kifuta machozi baada ya muda ambao sitautaja hapa.

Katika taarifa niliandika kwamba mnyama alijeruhiwa kisha akauawa, jambo ambalo sheria yatutaka tulifuatilie na kuliripoti, nasi tulifanya yote mawili. Hapana aliyeniuliza risasi ilikuwa ya aina gani, kwa sababu fomu ya taarifa nayo ina safu moja tu ya aina ya risasi. Niliporudi niliziweka zile risasi juu ya meza ya ghala, ya zamani na mpya bega kwa bega. Mtoto wa darasa la tatu angeziona kuwa ni tofauti: moja ina ncha kama kalamu iliyochongwa, nyingine ina pua kama kidole gumba. Tulizibeba usiku, zikiwa ndani ya paketi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiokota vichwa katika mizoga na kuvitia katika kopo hili la maziwa ya unga mnaloliona mezani. Kimoja kimefunguka vizuri, midomo minne imejikunja nyuma, uzito umebaki karibu wote. Kingine ni gamba tupu, madini yalimwagika ndani ya nyama. Kingine ni kizima kabisa, hata ungeweza kukirudisha gandani. Hicho kilipita katika kiboko aliyekwenda kufia mbali, na chanzo chake ni paketi ya kijeshi, aliyopewa askari kwa kuwa hapakuwa na nyingine.

Na tuguse lile gamba tupu kabla ya kuliacha. Madini yaliyomwagika huliwa na tumbusi katika mzoga, na huliwa na wanakijiji katika nyama tunayowagawia. Jimbo la California huko Marekani limepiga marufuku risasi za madini hayo katika uwindaji wote tangu Julai 2019. Zipo za shaba tupu, nazo ni njema, ila kwa uzito uleule huwa ndefu zaidi, na si kila mtutu huzipenda, zijaribiwe kwanza.

4. Mapendekezo

Kwa unyenyekevu napendekeza:

(1) Fomu ya kuagizia iongezwe safu nne: uzito wa kichwa, umbo, ujenzi, na namba ya toleo.

(2) Fomu ya taarifa ya mnyama aliyejeruhiwa iongezwe safu hizohizo, pamoja na umbali uliopimwa kwa hatua.

(3) Kila bunduki iwe na kadi yake, imeandikwa risasi iliyolengewa na umbali wake, na kadi hiyo ikae na bunduki, isikae ofisini.

(4) Paketi mpya ikija, bunduki ilengwe upya kabla ya kutoka, hata kama kaliba ni ileile. Nasema hata kama kaliba ni ileile.

(5) Kwa wanyama wakali na waharibifu, risasi za kijeshi zisitumike ila pale maisha ya mtu yamo hatarini na hapana nyingine.

(6) Risasi ichaguliwe kwa umbali mfupi na mrefu inaoweza kutumika, wala si kwa mmoja tu; yenye kufaa mbugani kwa puku na nyamera ijaribiwe pia kwa hatua 40, katika mabunda ya magazeti yaliyoloweshwa, kabla ya kupelekwa kichakani.

(7) Mwindaji bingwa amuulize mgeni wake risasi aliyokuja nayo siku ya kwanza kambini, msimu unapofunguliwa Julai, na wala si siku ya kufuata damu.

(8) Kila kikosi kijiwekee umbali ambao hakitaukiuka. Mimi kwa nyati nimejiwekea hatua 80, na nilijiwekea nimekwisha chelewa.

(9) Paketi zisiachwe juu ya dashibodi ya gari katika joto la Oktoba la bonde la Rukwa, kwani baruti iliyochemka hubadili kasi, na kasi ikibadilika shabaha imebadilika.

(10) Somo la ujenzi wa risasi lifundishwe kwa vitendo katika Kituo cha Mafunzo cha Mlele na Chuo cha Pasiansi, vichwa vilivyopigwa vikiwa mkononi mwa mwanafunzi.

(11) Fomu ya kuagizia iongezwe safu nne. Nalirudia pendekezo la kwanza kwa kusudi, kwa sababu mapendekezo mengine yote yanalitegemea, na kwa sababu ndilo lisilohitaji fedha ila kalamu na rula.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Lile kopo litazunguka ukumbini wakati wa chai. Tafadhali vitazameni vichwa vyote, mvipime mkononi, kisha mvirudishe. Vimo saba, na ningependa virudi saba.