Uhisani wa Kuaminiana na Harakati za Wanawake

Ruzuku nyingi zinazovifikia vikundi vya wanawake barani Afrika hufika zikiwa zimekwisha kupangiwa kazi na watu walio mbali na wanawake hao, jambo ambalo wanaharakati wa ufeministi, yaani wanaopinga mfumo unaompa mwanamume mamlaka juu ya mwanamke, wamelilalamikia kwa muda mrefu. Njia wanayoipigania ni uhisani wa kuaminiana, ambapo mfadhili hutoa fedha kwa miaka kadhaa mfululizo, hukiachia kikundi uamuzi wa matumizi, na hupunguza mlolongo wa fomu na ripoti.

Kasoro ya utaratibu uliozoeleka huonekana katika mambo madogo. Nchini Tanzania, kikundi kinachomsindikiza binti aliyebakwa, kutoka kituo cha polisi anakopewa PF3, yaani fomu ya polisi ya kumpeleka kwa daktari, hadi hospitali, huhitaji nauli ya bodaboda usiku uleule, vocha ya simu na posho ya mama anayekesha naye. Lakini bajeti ya mradi imetenga fedha za semina, vipeperushi na fulana, na mhasibu wa mfadhili anadai risiti ambayo dereva wa bodaboda hana.

Muda nao ni kikwazo. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi alifungua kesi katika Mahakama Kuu ya Tanzania kupinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinavyoruhusu msichana aliye chini ya miaka 18 kuozwa; alishinda mwaka huohuo, Serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha ushindi huo Oktoba 2019. Ruzuku ya miezi 12 ingemalizika shauri la namna hiyo likiwa bado katikati.

Uhaba wa fedha huzidisha ugumu huo. Katika utafiti wa AWID, jumuiya ya kimataifa ya watetezi wa haki za wanawake, nusu ya mashirika yaliyohojiwa yaliendesha shughuli zake za mwaka 2010 kwa dola 20,000 au pungufu. Ili kukabili uhaba wa namna hiyo, Joana Foster wa Ghana, Bisi Adeleye-Fayemi wa Nigeria na Hilda Tadria wa Uganda walianzisha mwaka 2000 Mfuko wa Maendeleo ya Wanawake wa Afrika, AWDF, wenye makao Accra, wakiamini kwamba wanawake wa Kiafrika wanaweza kuchangisha fedha na kuzigawa wenyewe. Na mwaka 2008 Tanzania nayo ikapata mfuko wake, Women Fund Tanzania.

Wapo wanaohofu kwamba kulegeza masharti ni kufungulia mlango ubadhirifu, na hofu hiyo ina msingi, kwani fedha za misaada zimeliwa mara nyingi, ingawa ziliwahi kuliwa hata pale ambapo fomu zilijazwa zote. Kuaminiana hakufuti ukaguzi wa hesabu. Kunachobadili ni mwelekeo wa uwajibikaji, ili kikundi kitoe maelezo kwanza kwa wanawake wa kata yake, na mfadhili naye aeleze kwa nini ametoa, amekataa au amechelewa.

Kwa hiyo wahisani, wa ndani na wa nje, wawaulize wanawake mahitaji yao kabla ya kuandika masharti, watoe ruzuku ya miaka mitatu au zaidi isiyofungwa kwenye mradi mmoja, na walipie kodi ya ofisi na mishahara bila kuona kwamba fedha hizo zimepotea, kwa kuwa hakuna haki inayotetewa na watu wasio na mahali pa kukutania wala nauli ya kufika mahakamani.