Wakfu wa Mji: Neno la Maulidi na Hati ya Ardhi





Msafiri atokaye katikati ya Kampala kwa barabara ya Bombo hupita Wandegeya, huteremka Bwaise penye bonde na maji, kisha hupanda Kawempe. Njia nzima hiyo haimkosi mnara wa msikiti mbele ya macho yake. Asubuhi adhana husikika toka huku na huku, na siku ya Ijumaa watu hujaa hata nje, wakatandika mikeka. Mgeni akiona hayo husema: "Hapa Uislamu umesimama." Asema kweli. Lakini liko swali ambalo macho hayawezi kulijibu, nalo ni hili: ardhi iliyo chini ya mnara ni ya nani, na katika kitabu cha serikali imeandikwa kwa jina la nani? Juu ya swali hilo ndiyo hotuba hii.

Yafaa kuanza na asili ya mambo. Uislamu ulifika Buganda kwa misafara ya wafanya biashara waliotoka pwani. Mwaka 1844 Ahmed bin Ibrahim alifika katika baraza ya Kabaka Suuna II, na yasimuliwa kuwa alipoona watu wakiuawa bila ya hatia alisimama akamwambia Kabaka kwamba watu hao wameumbwa na Mungu, wala si halali kuwaua hivyo. Katika zama za Mutesa I, aliyemrithi Suuna, kulifungwa Ramadhani katika jumba la kifalme. Na mwaka 1876 Mutesa huyo huyo aliwaua vijana wa Kiislamu huko Namugongo kwa sababu walishika dini yao kuliko amri yake. Basi dini hii haikuingia nchini kwa upole tu. Iliingia kwa uvumilivu na kwa damu.

Kawempe nayo ina jina lake katika habari hizo, na jina hilo ni Nuhu Mbogo, mwana wa Suuna na ndugu yake Mutesa. Alipokufa Kalema mwaka 1890, Waislamu walimsimamisha Mbogo kuwa mkubwa wao, na kwa hakika alikuwa na haki ya kudai ufalme kama wana wengine wa ukoo. Lakini baada ya vita vya Mengo vya Januari 1892, nchi ikiwa imechoka kwa kumwaga damu, Mbogo alikubali sulhu, akaja Kampala kwa Kapteni Lugard, akaacha madai yake. Hata hivyo hakupata raha mara moja. Mwaka 1893 kulitokea fitina baina ya Waingereza na askari wa Kisudani, naye akahamishwa hata Unguja, akakaa ugenini kabla ya kurejeshwa. Aliporudi akakaa Kawempe, na mpaka leo mtaa wa Mbogo wataja jina lake. Mwenyezi Mungu alimchukua mwaka 1921.

Yapasa kulitazama vizuri jambo moja katika maisha ya bwana huyo. Katika Mapatano ya Uganda ya mwaka 1900, yaliyogawa ardhi ya Buganda kwa maili za mraba, Mbogo alipewa maili 24 kwa ajili yake na wafuasi wake, pamoja na malipo ya paundi 250 kwa mwaka muda wa uhai wake. Katika Mapatano hayo hayo vyama vitatu vya wamisionari vilipewa maili 92. Watu wengi huitazama hesabu hiyo wakaona dhulma ya wingi: 92 kwa 24. Lakini iko tofauti nyingine iliyo kubwa zaidi ya hiyo. Maili zile 92 zilitolewa kwa vyama, na chama hakifi, hakina warithi, wala hakigawi mirathi. Maili zile 24 zilitolewa kwa mtu na watu wake, na mtu hufa, na mali yake hugawanywa, na kila fungu huenda njia yake. Juu ya ardhi ya wamisionari zilisimama shule na hospitali kwa miaka mingi, na watoto wa Kiislamu, wengi wao, wakawa wachinjaji, madereva na wachuuzi kwa kuwa hawakuwa na shule za kuwapokea bila ya kuwabadili dini. Kazi hizo ni za halali, wala hazina aibu. Lakini mlango mmoja ulifungwa, na kufuli lake lilikuwa ardhi.

Mwana wa Mbogo, Badru Kakungulu, aliyezaliwa mwaka 1907, aliijua siri hiyo. Alikuwa na ardhi Kibuli, kilima kinachotazama mji wote, naye akaitoa kwa ajili ya Waislamu. Msikiti wa Kibuli uliwekewa jiwe la msingi mwaka 1941 na ukafunguliwa mwaka 1951, na mara zote mbili mgeni wa heshima alikuwa Prince Aly Khan. Pembeni mwa msikiti zikasimama shule, chuo cha walimu, na hospitali. Mwaka 1944 ikaundwa jumuiya ya elimu ya Waislamu wa Uganda, na mwaka 1945 huko Mombasa ikaanzishwa East African Muslim Welfare Society, ambayo kanuni yake ilikuwa rahisi: wenyeji wakichanga shilingi, Aga Khan aliongeza shilingi. Kwa njia hiyo misikiti na shule nyingi za Afrika ya Mashariki zilijengwa. Kakungulu alifariki mwaka 1991, lakini Kibuli haikufa naye.

Kilima kingine ni Kampala Kongwe. Hapo ndipo Lugard alipojenga ngome yake mwishoni mwa mwaka 1890. Mwaka 1972 lilipoundwa Baraza Kuu la Waislamu wa Uganda, kilima hicho kikawa makao yake, na msikiti mkubwa ukaanzwa katika miaka hiyo. Kazi ikasimama, jengo likakaa miaka mingi halijakwisha, mpaka serikali ya Libya ilipotoa msaada, na msikiti ukafunguliwa rasmi mwaka 2008. Leo wageni wa nchi za mbali hupanda mnara wake wautazame mji wa vilima. Ni ajabu ya Mungu: penye ngome ya mtawala pana mihrabu.

Sasa tazameni upande wa pwani, kulikotoka misafara ile ya kwanza. Mombasa ina Ngome ya Yesu waliyoanza kuijenga Wareno mwaka 1593, na ina Msikiti wa Mandhry ambao kwa mapokeo ya wenyeji ni wa mwaka 1570. Ngome ile ilitekwa na kutekwa tena, leo Mreno, kesho Mwarabu, kesho kutwa Mwingereza, na mwisho ikawa makumbusho. Msikiti ungali msikiti. Misikiti ya pwani ilidumu kwa kuwa watu waliifungia mali: huyu nyumba, yule duka, mwingine shamba la minazi. Kodi na mazao yakanunua mafuta ya taa, yakajaza birika la udhu, yakamlisha mwalimu wa chuo. Na tangu mwanzo wa karne ya 20 kumekuwa na tume za serikali za kuzisimamia wakfu hizo, Mombasa na Unguja. Tume hizo hazikukosa lawama, lakini angalau kipo kitabu cha kufunuliwa mtu aulizapo.

Na asili ya jambo hili si pwani wala bara. Asili yake ni Madina. Sayyidna Umar alipopata shamba zuri huko Khaybar alimwendea Mtume (s.a.w.) kutaka shauri, akaelekezwa aifunge asili yake na atoe matunda yake sadaka, isiuzwe, isipewe mtu, wala isirithiwe. Wapokezi wasimulia kwamba Umar hakuridhika na maneno ya mdomo peke yake. Wakfu wake uliandikwa, na msimamizi wake akatajwa. Ikiwa Umar aliandika, na watu wa zama zake ndio waliokuwa waaminifu kuliko watu wote, ni nani leo anayeweza kusema kwamba kuandika ni kukosa imani?

Hapo ndipo penye ugonjwa wa Kawempe na wa miji mingi ya Uganda. Hapa sadaka kubwa hutolewa katika sherehe. Barzanji husomwa, matali hupigwa, pilau hupikwa kwa masufuria makubwa, jirani asiye Mwislamu naye hukaribishwa akala. Kisha mzee husimama, moyo wake umelainika, akasema: "Kipande changu kile cha ardhi nimekitoa kwa msikiti." Watu hupiga takbiri, wengine hulia machozi. Kesho yake matofali huanza kuletwa. Hapana aliyeuliza mipaka, hapana aliyeuliza hati.

Baada ya miaka ishirini mzee amefariki, na walioshuhudia wamepungua. Thamani ya ardhi imepanda, kwa kuwa Kawempe, iliyoingizwa katika mipaka ya mji wa Kampala mwaka 1968, si shamba tena. Warithi hufungua sanduku wakakuta hati kwa jina la baba yao. Au hutokea mwenye mailo akasema: "Huyo mzee alikuwa na kibanja tu, ardhi ni yangu, wala sikuulizwa." Maana katika nchi hii kiwanja kimoja kwaweza kuwa na watu wawili wenye haki: mwenye hati ya mailo, na mwenye kibanja aliye juu yake. Aliyetoa kibanja hakutoa mailo, kwa sababu mtu hatoi asichokimiliki. Basi msikiti huingia mahakamani, Waislamu hugawanyika makundi mawili, na fedha zilizochangwa kwa mabati huliwa na kesi. Warithi nao si lazima wawe waovu. Pengine ni mayatima waonao haki yao. Kosa ni la wale waliopiga takbiri wakaenda zao.

Dawa yake si ngumu, nayo yapasa kutajwa moja moja.

Kwanza, mtoaji atoe katika uzima wake, na wanawe na mkewe wawepo na wajue. Sheria ya ardhi ya mwaka 1998 yataka ridhaa ya mume au mke katika ardhi ambayo familia yakaa na yaishi kwayo. Na sheria ya dini yajulikana: atoaye katika maradhi ya mauti hesabu yake ni ya wasia, wala wasia haupiti thuluthi ila warithi wakiridhia.

Pili, ijulikane ardhi ni mailo au ni kibanja. Ikiwa ni kibanja, mwenye mailo aombwe ridhaa yake kwa maandishi kabla ya tofali la kwanza.

Tatu, aitwe mpima ardhi, mipaka ipandwe mawe, na majirani wa pande zote waje waone.

Nne, hati isiandikwe kwa jina la imamu, wala la mwenyekiti, wala la tajiri aliyelipia saruji, hata akiwa mcha Mungu namna gani. Iandikwe kwa jina la wadhamini walioandikishwa kwa sheria, ambao mmoja akifa mwingine hushika mahali pake. Hilo ndilo somo la maili 92 na maili 24.

Tano, siku ya Maulidi, na kwa wasiosoma Maulidi basi siku ya Idd, hesabu ya mali ya msikiti isomwe mbele ya watu: kodi ya vibanda imekuwa kiasi gani, imetumika wapi, hati iko kwa nani. Sherehe iliyo ushahidi wa kutoa na iwe pia ushahidi wa kutunza.

Yawezekana mtu akasema kwamba haya ni mambo ya serikali, na msikiti ni mahali pa ibada. Ajibiwe kwamba mtu hasali hewani. Na mji nao wapata faida. Bwaise mvua kubwa inaponyesha maji huingia majumbani, na mahali penye wakfu uliotengenea ndipo watu wanapoweza kukimbilia, wakapata maji safi, wakaweka watoto wao. Vijana wanaosoma Bilal Islamic Institute pale Bwaise, na wasichana wa Mbogo High School hapa Kawempe, wasoma juu ya ardhi ambayo kuna mtu aliyefikiri juu yao. Wajukuu wao nao watahitaji mtu wa kuwafikiria.

Waislamu wa Uganda wamegombana mara nyingi, tangu ile khitilafu ya sala ya adhuhuri baada ya Ijumaa, mpaka khitilafu za uongozi za zama hizi. Si kila ugomvi waweza kumalizwa kwa hotuba. Lakini magomvi ya ardhi yaweza kuzuiwa kabla ya kuzaliwa, kwa karatasi moja, kalamu moja, na mashahidi wawili waadilifu. Mbogo aliacha kiti cha ufalme ili watu wake wapate amani. Hapana anayeombwa leo kuacha ufalme. Kinachoombwa ni kwamba mwenye hati ya msikiti iliyo kwa jina lake ailete, na mwenye neno la marehemu kichwani mwake alitamke, liandikwe, maadamu yu hai.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotoa, awaongoze wanaotunza, na aijaalie Kawempe umoja na amani. Amin.

Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.