Adesi Zinapokataa Kuiva: Jiko la Walebanon Juu ya Kilima cha Johannesburg

Mashariki mwa jiji la Johannesburg kuna kitongoji kiitwacho Observatory. Jina hilo limetokana na kituo cha kuchunguza hali ya hewa na nyota kilichoanzishwa juu ya kilima chake mwaka 1903. Ni katika kituo hicho ambako mwaka 1915 mtaalamu Robert Innes aliigundua Proxima Centauri, nyota iliyo karibu zaidi nasi baada ya jua. Lakini makala ya leo hayatazami mbinguni, bali ndani ya sufuria. Kilima kile kile kilichowafaa wachunguzi wa nyota huwatatiza wapishi, hasa wale wanaojaribu kupika chakula cha wazee wao waliotoka Lebanon.

Walebanon walianza kufika Johannesburg mwishoni mwa karne ya 19, baada ya dhahabu kugunduliwa huko mwaka 1886. Wengi walikuwa Wakristo wa Kanisa la Maroni kutoka vijiji vya milimani, na wengi walianza maisha kwa uchuuzi. Kupata nyumba ya kumiliki halikuwa jambo jepesi. Sheria Nambari 3 ya mwaka 1885 ya Transvaal iliwazuia watu wa asili ya Asia kumiliki ardhi nje ya maeneo waliyotengewa. Mwaka 1913 mhamiaji mmoja, Moses Gandur, alifikisha shauri lake katika Mahakama ya Rufaa, nayo ikaamua kwamba sheria hiyo haikumhusu. Familia za Kilebanon zikaweza kununua nyumba katika vitongoji vya mashariki, Observatory ikiwa miongoni mwavyo. Sheria yenyewe haikufutwa, na Wahindi waliendelea kubanwa nayo. Hukumu iliyomfungulia Mlebanon mlango wa jiko lake iliuacha mlango wa jirani yake umefungwa.

Miaka ikapita, vizazi vikafuatana, na Kiarabu kikafifia vinywani mwa wajukuu. Yaliyobaki ni majina ya vyakula, na jina la Sitti, yaani bibi. Sitti hakuwa na daftari. Alipika kwa jicho, kwa pua na kwa ncha za vidole. Siku hizi mjukuu anayetaka kuurithi upishi huo hutafuta maelekezo kwenye kitabu au intaneti, au humpigia simu jamaa aliyeko Beirut. Huambiwa vikombe vingapi na dakika ngapi. Hapo ndipo ajali za jikoni huanza.

Tuchukue mujaddara, chakula cha adesi, mchele na vitunguu. Ni chakula cha kale mno: al-Baghdadi alikieleza katika kitabu chake cha mapishi kilichoandikwa mwaka 1226. Kwa Wamaroni ni chakula cha Kwaresima, wakati ambapo nyama huwekwa kando. Msikilizaji wa Zanzibar au Mombasa ataona mara moja kwamba ni ndugu wa mseto, tofauti ikiwa ni adesi mahali pa choroko.

Maelekezo husema: chemsha adesi kwa dakika kumi na tano, kisha tia mchele. Mjini Beirut, kando ya bahari, mambo huenda sawa. Lakini Observatory iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800. Kadiri mtu anavyopanda juu, uzito wa hewa hupungua, na maji huchemka kwa joto dogo zaidi, kama nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100. Juu ya kilima hiki, kwa takriban 94. Sufuria inatokota kwa kelele na mvuke, lakini joto lake halitoshi kuivisha adesi kwa muda ulioandikwa. Mpishi hutia mchele adesi zikiwa bado ngumu, huongeza maji, huongeza moto, na mwisho hupakua uji wa mchele wenye adesi zinazogonga meno. Kuongeza moto hakusaidii, kwani maji yaliyokwisha kuchemka hayapandi joto, hukauka tu. Dawa ni subira, au sufuria ya presha inayoubana mvuke ndani. Na ndimu isitiwe mapema, maana ukali wake huzuia adesi kulainika.

Ajali ya pili ni ya kibbeh, chakula ambacho Walebanon wengi hukihesabu kuwa cha taifa lao. Ni nyama ya kondoo iliyopondwa pamoja na ngano ya kuparazwa, ikafinyangwa kama yai, ikajazwa nyama ya kukaanga, vitunguu na mbegu za msonobari, kisha ikakaangwa. Zamani nyama ilitwangwa katika kinu cha jiwe kwa mchi mzito. Mtwangaji alizitoa kano nyeupe kila zilipojitokeza, hadi nyama ikawa laini na yenye kunata. Leo mashine huikata kwa dakika chache, kano zikiwamo, na chuma chake hupata moto na kuyeyusha mafuta ya nyama. Kinyunya hakishikani. Ngano isipokamuliwa vizuri, au kijazo kikitiwa kingali moto, kibbeh hupasuka ndani ya karai, na mafuta yakajaa makombo. Ndiyo maana wapishi wazoefu huweka bakuli la maji ya barafu kando yao na kulowesha mikono mara kwa mara.

Mambo haya hayawahusu Walebanon peke yao. Jirani na Observatory kuna Yeoville, mtaa ambao Wakongo wengi wameufanya maskani yao, na Kiswahili husikika sokoni. Aliyetoka Bukavu, mji wa milimani, hashangai maharage yakikawia kuiva. Aliyetoka Dar es Salaam hulaumu kwanza maharage, kisha mwenye duka, kisha mkono wake mwenyewe.

Na hapo ndipo penye hasara. Mjukuu akishindwa mara mbili, mara tatu, huamini kwamba hana mkono wa bibi yake, akaacha. Kumbe hakukosa mkono. Alifuata dakika za mahali pengine, ilhali bibi hakufuata dakika kabisa, bali dalili: adesi inayobonyea kati ya vidole viwili, kitunguu kilichofikia rangi ya asali nyeusi bila kuwa kichungu, kinyunya kisichopasuka kikibanwa. Dalili hizo hazibadiliki, iwe pwani au mlimani. Hata wapishi wa Kiswahili wana neno lao la namna hiyo: chumvi kiasi, maji kiasi. Neno hilo halina maana kwa asiyewahi kusimama kando ya mpishi.

Basi, mwenye bibi angali hai asiridhike na kumwuliza vikombe vingapi. Asimame naye jikoni, aulize anatazama nini na anagusa nini, kisha hayo ndiyo ayaandike. Vikombe na dakika anaweza kuvipata popote.