KIFUA CHA MZAZI NA MTOTO NJITI



Napenda kusema nanyi juu ya mtoto njiti, yaani yule azaliwaye kabla ya majuma 37 kutimia. Mafuta ya mwili wake ni haba, basi hupoteza joto upesi, na baridi yaweza kumwua.

Mwaka 1978, huko Bogotá, nchi ya Kolombia, Daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na vyombo vichache vya kuwatia watoto joto. Akawaagiza akina mama wawafunge watoto vifuani, ngozi kwa ngozi.

Msidhani hilo ni shauri la kimaskini. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2021, uliofanywa Tanzania, Malawi, Ghana, Nigeria na India, ulionyesha kwamba kuwabeba hivyo tangu saa za kwanza, pasipo kungoja wapate nguvu, kulipunguza vifo kwa kadiri ya robo.

Basi, mama, usiogope kumshika mwanao. Mwachie kofia na winda tu, mweke wima kifuani, muda wa saa 8 au zaidi kila siku, na umpe maziwa yako.

Nawe baba, usisimame mlangoni. Kifua chako pia kina joto. Mama akichoka, mpokee. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini mzigo huu ni wenu nyote wawili.