Jaji Mkuu Aliyechukuliwa Mahakamani
Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano wa Mwaka, Uriri



Katika mwaka uliopita baadhi ya wanachama waliona kwamba fedha za sanduku zisitumiwe kumwekea mtu wakili. Mwenye kosa, walisema, na ajitetee mwenyewe. Twawaomba radhi, maana sisi tumeliona jambo hili kwa njia nyingine.

Wapo wazee wetu waliofanya kazi Kampala na Jinja katika ujana wao, nao hawahitaji kuambiwa habari za Idi Amin, aliyetwaa serikali ya Uganda kwa nguvu za jeshi tarehe 25 Januari 1971. Lakini huenda vijana hawajalisikia jina la Benedicto Kiwanuka. Huyu alikuwa wakili, akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda mwaka 1962. Serikali ya Obote ilimweka kizuizini mwaka 1969. Amin akamfungua, na mwaka ule ule wa 1971 akamfanya Jaji Mkuu. Mtu angedhani deni kubwa hivyo lingemfunga mdomo.

Mwezi wa Septemba 1972 askari jeshi walimshika Mwingereza mmoja, Daniel Stewart. Ombi likaletwa Mahakama Kuu kwa sheria ya zamani sana: aliyemshika mtu huamriwa amlete mbele ya jaji na kueleza amemshika kwa haki gani, akikosa jibu, mtu huachiliwa. Kiwanuka akaamua kwamba jeshi halikuwa na mamlaka ya kumkamata mtu huyo, akaamuru aachiwe. Siku zile Waasia walikuwa wakifukuzwa nchini, na kumtetea Mwingereza hakukuwa na faida yoyote kwa Jaji. Tarehe 21 Septemba watu wa serikali wakaingia Mahakama Kuu mchana kweupe, wakamchukua kwa gari. Serikali ikasema ni kazi ya waasi. Jamaa zake hawakupata mwili wa kuzika, nasi watu wa huku twaujua uzito wa neno hilo.

Hata hivyo wanasheria hawakunyamaza wote. Mwaka 1974 Tume ya Kimataifa ya Wanasheria ilipeleka taarifa ya maovu hayo Umoja wa Mataifa. Mwaka huo huo Jaji Mohammed Saied, katika tume iliyoundwa na Amin mwenyewe, alisikiliza mamia ya mashahidi juu ya watu waliopotea.

Wala haya si ya kale tu. Januari 2025 mahakama ya kijeshi ya Kampala ilimhukumu wakili Eron Kiiza kifungo cha miezi tisa. Alikuwa akimtetea Dakta Besigye, aliyekamatwa hapa kwetu Nairobi Novemba 2024. Tarehe 31 Januari Mahakama ya Juu ya Uganda ikakataza raia kushtakiwa mbele ya wanajeshi. Kufika Juni, Bunge likapitisha sheria ya kuyarudisha.

Kwetu Kenya, Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 yataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, ila ikiwa mahakama imefungwa. Lakini ibara haitembei yenyewe mpaka Migori. Yahitaji mtu wa kuandika ombi, na nauli, na ada.

Basi twaomba sehemu ya sanduku itengwe kwa kazi hiyo. Kura itapigwa baada ya taarifa ya Mtunza Hazina.